Mimea ya Chakula na Dawa Baada ya Kuvunwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wakulima, vikundi vya akina mama na wauzaji wa unga wa majani kuanzia Homa Bay na Kisumu hadi Kakamega na Nakuru. Majibu yana vipimo, kwa sababu kumwambia mtu "kausha vizuri" si kumwelekeza. Jani au mzizi ukishavunwa bado uko hai: unapumua, unatoa joto, na vimeng'enya vyake vinaendelea kuvunja kitu hiki na kuunda kile. Kuna mmea ambao kazi hiyo unaitaka, na kuna mwingine ambao unapaswa kukimbia uizime. Anayeitendea mimea yote sawa ndiye anayeharibu.

Nikivuna asubuhi nikaanza kukausha jioni, nimepoteza nini?

Ingiza mkono katikati ya gunia la majani ya mlonge lililofungwa saa tatu asubuhi na kufunguliwa saa tisa alasiri. Pembeni majani ni baridi, katikati kuna joto la uji uliopoa, na harufu imeanza kuelekea kwenye nyasi zilizovunda. Joto hilo ni la majani yenyewe: yanachoma sukari yake kwa kupumua. Vitamini C ndiyo inayotangulia kupotea, beta-karotini (ambayo mwili huigeuza vitamini A) inafuata, na vijani vinapukutika kutoka kwenye vikonyo.

Kwa mchicha kuna jambo la ziada. Mchicha hubeba naitreti nyingi, na bakteria wakipata majani yaliyosagika, yenye joto na unyevu, huigeuza kuwa naitraiti. Naitraiti huzuia damu kubeba oksijeni, na mtoto mchanga ndiye huathirika upesi. Mboga iliyopata joto ndani ya gunia isitumike kutengenezea unga wa mtoto.

Vuna umande ukishakauka, tumia kreti au kikapu chenye matundu badala ya gunia, weka kivulini, na uanze kazi ndani ya saa mbili au tatu.

Juani au kivulini?

Majani: kivulini, au kwenye kaushio la sola lililofunikwa juu. Mwanga mkali wa jua huvunja beta-karotini na kuharibu klorofili, ndiyo maana mlonge ulioanikwa juu ya mabati hugeuka rangi ya majani makavu ya migomba. Mimea yenye harufu kama mchaichai pia ikae kivulini, kwa kuwa harufu yake ni mafuta mepesi, hasa sitrali, na mafuta hayo hupaa na joto.

Mizizi iliyokatwa vipande, kama tangawizi, hustahimili jua kwa kiasi. Manjano yaliyochemshwa huanikwa juani bila tatizo kubwa yakiwa mazima, kwa sababu mwanga unafika kwenye ganda tu. Yakishakuwa unga, mwanga huyamaliza.

Kivuli nacho kina masharti. Kisumu hewa ya ziwa ni nzito, na chumba kisicho na upepo kitakupa ukungu kabla hakijakupa majani makavu. Kama majani hayajakauka kufikia siku ya nne, njia hiyo haikufai msimu huo. Nakuru hewa ni kavu zaidi lakini usiku ni baridi. Trei zikilala nje, majani hunyonya tena maji yaliyotoka mchana. Ziingize ndani kufikia saa kumi na moja jioni.

Usikaushe juu ya moto wa kuni. Moshi huacha kemikali za masizi ambazo zinahusishwa na saratani, na hakuna kuosha kunakozitoa.

Nipe hatua za mlonge, mwanzo hadi mwisho.

Chambua matawi, utupe majani ya njano na yenye madoa. Osha kwa maji safi, kisha loweka kwa dakika 3 hadi 5 kwenye maji ya chumvi ya asilimia 1, yaani gramu 10 kwa lita. Ukipenda kloro, tumia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isiyo na manukato yenye nguvu ya 3.5%: mililita 3 kwa lita moja ya maji hukupa takribani miligramu 100 za kloro kwa lita. Suuza kwa maji ya kunywa. Ning'iniza matawi kwa dakika 15 hivi yachuruzike, ndipo upukuchue vijani.

Tandaza kilo 1 ya majani mabichi kwa kila mita moja ya mraba ya wavu. Hapa ndipo watu hukosea, kwani wavu unaonekana mtupu na mkono unawasha kuongeza. Majani yaliyopandana hutokota yenyewe kwa yenyewe, ya chini yakawa meusi. Kwenye kaushio, weka nyuzi 45 hadi 50, na usivuke 55. Pindua angalau mara moja kwa mikono safi. Yako tayari yanapovunjika kwa sauti ukiyafikicha.

Mbona mlonge mbichi unawasha ulimi, na unga wake hauwashi?

Ndani ya jani zima kuna glukosinoleti upande mmoja na kimeng'enya kiitwacho mirosinesi upande mwingine. Ukitafuna, kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, na isothiosayaneti zinazaliwa. Ndizo zenye ukali unaofanana na wa figili, na ndizo watafiti wengi huzifuatilia kwenye mlonge.

Majani yaliyokaushwa mazima kwa joto la chini hubaki na vyote viwili, vimelala tu kwa kukosa maji. Ukitia unga kwenye uji unaochemka, umeua kimeng'enya kabla hakijaamka. Epua uji, subiri upoe hadi uweze kuunywa bila kupuliza, kisha koroga unga. Majani yaliyotokoswa kabla ya kukaushwa hutunza rangi vizuri, lakini kimeng'enya chake kimekwenda, na kinachobaki ni kutegemea bakteria wa utumbo kufanya sehemu ndogo ya kazi hiyo.

Nitajuaje imekauka bila mashine?

Kwa mizani. Tangawizi mbichi ina maji kama asilimia 85. Kilo 10 basi zina kilo 1.5 za kitu kikavu. Ukitaka unyevu wa asilimia 10 mwishoni, gawanya 1.5 kwa 0.9: unapata kilo 1.67. Mizani ikionyesha kilo 2.2, karibu theluthi ya ulichonacho ni maji, hata kama vipande vinaonekana vigumu.

Kisha fanya jaribio la chupa. Jaza nusu chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, iache siku mbili. Ukiona umande kwenye kioo au vipande vimelegea, rudisha kwenye kaushio.

Vipande vigumu nje na laini ndani ni kosa la joto kubwa mwanzoni. Ngozi ya nje hukauka upesi na kuziba, maji ya ndani yanakosa njia. Baada ya wiki mbili kwenye mfuko unyevu unatoka wenyewe, na ukungu unaufuata.

Tangawizi kavu ni kali kuliko mbichi. Imeongezewa kitu?

Hapana. Ukali wa tangawizi mbichi hutoka kwenye jinjeroli. Ikikaushwa, jinjeroli hupoteza molekuli ya maji na kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Kadiri joto la kukaushia linavyopanda na muda unavyorefuka ndivyo shogaoli inavyoongezeka. Ukiipika mbichi kwa muda mrefu, sehemu ya jinjeroli hugeuka zinjeroni, yenye utamu fulani na ukali mdogo. Ndiyo sababu tangawizi iliyochemka na chai nusu saa haikwaruzi koo kama iliyotiwa mwishoni.

Kwa hiyo mbichi na kavu ni bidhaa mbili, wala moja si kivuli cha nyingine. Anayetaka jinjeroli anunue mbichi, au iliyokaushwa kwa nyuzi 50 hivi. Anayetaka makali ya chai ya jioni, kavu itamtosha kwa kipimo kidogo.

Usimenye kwa kisu. Mafuta ya harufu yamejaa kwenye seli zilizo chini tu ya ganda, na kisu huondoka nayo. Kwaruza kwa ukingo wa kijiko, kata vipande vya milimita 3 hadi 4, vyote vya unene mmoja. Kipande kilichokauka huvunjika kwa mlio, kikipinda, bado.

Kwa nini manjano huchemshwa kabla ya kuanikwa? Si tunapoteza dawa?

Kuchemsha huua mzizi usichipue, huvuruga wanga ili maji yatoke upesi, na husambaza rangi sawasawa ndani. Kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo inayopotea kwenye sufuria ni kidogo kuliko watu wanavyohofia, hata kama maji yanageuka njano na kukutisha.

Chemsha ndani ya siku mbili au tatu tangu kung'oa. Tenga vidole na mizizi mama, maana mama huchelewa kuiva. Maji yafunike manjano kwa sentimita 5 hivi, na uchemshe dakika 45 hadi 60, mpaka kijiti butu kipenye bila kulazimishwa. Yakichemka kupita kiasi, rangi hufifia. Yakitolewa mapema, hukauka yakiwa na kiini cheusi na kupasukapasuka. Kuanika huchukua siku 10 hadi 15 za jua zuri. Yaliyokauka hugonganishwa yakalia kama vijiti vya mbao.

Usitie magadi. Kurkumini kwenye maji ya magadi hugeuka nyekundu na kuvunjika haraka. Geuko hilo la rangi ni la kemia tu, lakini wako wanaoliuza kama ishara ya "nguvu".

Na jihadhari na unga wenye njano inayong'aa kuliko kawaida. Rangi yenye madini ya risasi imewahi kutumika kurembesha manjano, kisa cha Bangladesh kikiwa kinajulikana zaidi. Ukinunua mizizi mikavu na kusagisha mwenyewe, unaepuka sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Kitunguu saumu: kizima, kilichopondwa, au unga?

Kizima hakina alisini, kemikali yenye ile harufu na ukali. Kina aliini, na pembeni yake kimeng'enya aliinesi. Ukiponda ndipo alisini inaundwa, tena ndani ya sekunde chache. Joto huua aliinesi, kwa hiyo kitunguu saumu kilichotumbukizwa kizima kwenye mafuta moto hakitaitoa kamwe, hata ukiponda baadaye. Ponda, subiri dakika 10, kisha pika. Ukikiponda ndani ya ndimu au siki, asidi hukizuia kimeng'enya. Ponda kwanza, tia ndimu baadaye.

Kwa unga, kata vipande vyembamba na ukaushe kwa nyuzi zisizozidi 55. Unga mzuri hauna harufu kali ukiwa mkavu. Dondoshea maji na unuse baada ya dakika moja. Usipotoa harufu, kimeng'enya kiliungua.

Onyo moja ambalo hatulilegezi: usihifadhi kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta kwenye rafu. Mafuta hufunga hewa, asidi ni ndogo, na bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao inaweza kuua, hupata nyumba. Hakuna harufu itakayokuonya. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, tumia ndani ya siku chache.

Magadi na munyu wa musherekha huharibu mboga za kienyeji?

Huharibu kitu na kutengeneza kingine. Munyu huu, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mabua na maganda ya maharagwe, ni wa alkali kama magadi. Alkali hulainisha kuta za seli, ndiyo mrenda unateleza na kunde zinaiva upesi. Pia huzuia klorofili isipoteze magnesi yake, kwa hiyo mboga hubaki kijani badala ya kuwa rangi ya zeituni. Gharama yake ni vitamini C na vitamini B1, ambazo alkali huzivunja pamoja na joto.

Kwa mrenda, magadi hayaepukiki, na hatudhani mtu yeyote wa Vihiga atatusikiliza tukisema aache. Tia ncha ya kijiko, si kijiko, na mboga isikae motoni zaidi ya dakika 10. Vitamini C uitafute kwenye pera au chungwa baada ya kula.

Kumwaga maji ya kwanza ya managu (mnavu) na sagaa (mgagani) ni kupoteza au kusafisha?

Yote mawili. Uchungu huondoka na maji hayo, pamoja na sehemu ya alkaloidi za managu (kemikali chungu zinazoweza kuwa sumu) na sehemu ya tanini za sagaa. Vitamini C na madini yanayoyeyuka huondoka pia. Mchicha ukichemshwa na maji kumwagwa hupungukiwa na oksaleti, jambo lenye maana kwa mwenye mawe ya figo.

Vuna majani machanga ili usilazimike kumwaga mara mbili. Matunda mabichi ya managu, yale ya kijani, yasiingie sufuriani kabisa. Humo alkaloidi ni nyingi kuliko kwenye majani. Kuilaza mboga kwenye maziwa, kama wanavyofanya Waluo na osuga (managu) au dek (sagaa), hupunguza uchungu bila kutupa kitu, na mafuta ya maziwa husaidia mwili kufyonza beta-karotini. Akina mama walifika hapo kabla ya maabara.

Nataka kukausha sagaa kwa ajili ya kiangazi. Niitokose kwanza?

Ndiyo. Isipotokoswa, vimeng'enya huendelea kula rangi na karotini hata kwenye mfuko. Tumia lita 10 za maji yanayochemka kwa kila kilo 1, kwa dakika 2, kisha tumbukiza kwenye maji baridi na uchuje. Mvuke ni bora kuliko maji kwa vitamini C, ukiongeza dakika moja.

Kumbuka mwinuko. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Nakuru, mita 1,850, huchemka kwenye 94. Anayefuata maelekezo yaliyoandikiwa pwani aongeze nusu dakika.

Na thabai, mmea unaowasha ukiugusa?

Vuna ncha kabla ya maua, ukiwa na glavu. Nywele zake ni vichupa vidogo vyenye histamini na asidi. Zikitokoswa au kukaushwa hadi kusagika, haziwashi tena. Unga wake huweka rangi vizuri ukiukausha gizani.

Mukombero, ule mzizi wa kutafuna, unapoteza harufu baada ya mwezi. Kwa nini?

Harufu ile inayokaribia vanila ni aldehaidi nyepesi iliyo kwenye gome la mzizi, na hupaa. Menya gome kutoka kwenye kiini cha mti ukiwa mbichi, maana ukikauka hauachani. Kausha gome kwa nyuzi zisizozidi 40 na ulihifadhi kwa vipande, kwenye chupa ya kioo. Usisage kabla ya mteja kulipa. Na acha sehemu ya mizizi ardhini unapochimba. Msitu wa Kakamega umechimbwa vya kutosha.

Kinu cha posho kinafaa?

Kinafaa kikisafishwa. Kinu kilichosaga omena ya kuku asubuhi kitaupa mlonge wako harufu ambayo hakuna lebo itakayoifuta. Omba uwe wa kwanza siku hiyo, pitisha nusu kilo ya mahindi makavu uyatupe, kisha saga kilo 2 kwa wakati na uache unga upoe. Unga unaotoka ukiwa moto umeshaanza kupoteza mafuta ya harufu. Ukiufunga ukiwa moto, mvuke wake hugeuka maji ndani ya mfuko.

Kusaga huongeza eneo linaloguswa na hewa mara nyingi sana. Hifadhi majani mazima, saga ya mwezi mmoja tu.

Nihifadhi wapi, kwa muda gani?

Mfuko wenye utando wa alumini au chupa ya rangi ya kahawia, uliojazwa hadi juu. Mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani unauzika, lakini unaua rangi kwenye rafu ya dirishani. Weka chini, kwenye ukuta ulio mbali na jua. Stoo ya mabati hupanda joto mchana, na kwa kadirio la kawaida kila nyuzi 10 za ziada huongeza kasi ya kuharibika takribani mara mbili. Unga wa majani upe miezi 6. Tangawizi na manjano mazima hufika mwaka.

Kuna ukungu kidogo tu. Nikiukaanga utakufa?

Ukungu utakufa, sumu yake itabaki. Aflatoksini, yaani sumukuvu, haivunjwi na kuchemsha wala joto la kikaango cha nyumbani. Mwaka 2004, katika eneo la mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Kuchagua vipande vyenye ukungu na kusaga vilivyobaki pia hakusaidii, kwa kuwa sumu haionekani. Tupa fungu lote, na lisiende kwa kuku wala ng'ombe. Sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Chai ya mchaichai au tangawizi: nichemshe au niloweke?

Mchaichai: mimina maji ya moto, funika dakika 7 hadi 10. Harufu inayojaa jikoni ni dawa iliyokukimbia. Tangawizi inastahimili dakika 10 za moto mdogo, ikiwa imefunikwa. Manjano kwenye maji matupu hutulia chini ya kikombe. Yakaange kidogo kwenye mafuta au uyatie kwenye maziwa yasiyotolewa malai, pamoja na punje chache za pilipili manga zilizopondwa. Piperini ya pilipili manga hupunguza kasi ya mwili kuivunja kurkumini.

Naweza kuandika kwenye lebo kwamba unatibu kisukari au presha?

Ukiandika hivyo umeuhamisha unga wako kutoka kwenye chakula hadi kwenye dawa, na utatakiwa kufuata masharti ya Bodi ya Dawa na Sumu. Kama chakula, unahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya. Andika jina la mmea, sehemu iliyotumika, tarehe ya kusagwa na uzito.

Waulize wateja wanatumia dawa gani. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze ghafla kula vijiko vya mlonge au managu kila siku, kwa sababu vitamini K ya majani hupingana na dawa hiyo; vidonge vya manjano au kitunguu saumu navyo vinaweza kumwongezea hatari ya kutoka damu. Anayetumia dawa za sukari azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza unga wowote. Mjamzito asipewe mizizi wala magome ya mlonge. Na asali yenye kitunguu saumu, hata iwe safi namna gani, asilambishwe mtoto ambaye hajafikisha miezi 12.